Waya Niliouunga Siku ya Msiba

Magari yenyewe sijawahi kuyaona. Kwa karibu miaka mitatu nilikagua nyaya zake, moja baada ya nyingine, na mpaka leo sijui yananguruma vipi. Niliyaona kwenye picha tu: magari ya mbio ya zamani, ya milango miwili, tumbo limekaribia kugusa lami, mwenye gari amesimama pembeni na mvi zake akitabasamu kama amejaliwa mtoto. Ukilishusha moja kwenye barabara ya Bugomora wakati wa mvua, halifiki hata kona ya kwanza.

Ndani ya kila gari kuna nyaya nyingi zinazotoka kwenye betri, zinapita nyuma ya dashibodi, halafu zinagawanyika kwenda kwenye taa, honi, vipangusio vya kioo na kadhalika. Zote hufungwa pamoja zikawa kitu kimoja kirefu chenye matawi. Sisi tulikiita tita. Gari likizeeka, maganda ya nyaya hukauka na kupasuka, na tita lote hutakiwa kubadilishwa. Wazee wa Ulaya wenye magari hayo hawataki tita la plastiki. Wanataka lililozungushiwa uzi wa pamba kwa mkono, kama lilivyokuwa walipokuwa vijana. Mikono ya kwao ni ghali, kwa hiyo kampuni inayowauzia ikatafuta mikono rahisi, na ikatupata sisi huku Rubwera.

Naandika haya nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Sehemu ya hasira ni juu ya wale waliotutafuta na kutuacha. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu kwa tita moja tu nilimnyang'anya shangazi yangu kazi na jina lake zuri, nikakaa kimya, uso mkavu.

Bosi wetu alikuwa mtu wa kwetu aliyeishi nje miaka mingi. Alirudi na simu mbili na desturi ya kuangalia saa wakati unamwamkia. Siku moja aliiona mikeka ya akina mama kwenye mnada wa kanisa, akaishika, akaigeuza, akasema vidole hivi vinapotea bure. Nilikuwepo. Sikulipenda neno lile. Mkeka si bure. Watu wanaulalia, wageni wanaukalia, maiti wanalazwa juu yake. Lakini sikusema kitu, kwa sababu alikuwa ameshaniahidi kazi.

Mimi nilikuwa fundi umeme wa magari kwenye gereji moja ya Kayanga. Mwanamke peke yangu. Mteja alikuwa akifika, ananisalimia vizuri, kisha anachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Bosi alihitaji mtu anayeweza kusoma mchoro wa nyaya, akanipa koti jeupe na cheo cha mkaguzi. Lile koti lilinilevya kuliko pombe ya rubisi. Nilikuwa nalifua mwenyewe kila Jumamosi, nalipiga pasi mpaka kwenye kola, na nikipita dukani nilikuwa nachelewa kulivua makusudi ili watu wanione.

Karakana ilikuwa ghala la zamani la kahawa, na ukuta ulikuwa bado na harufu yake. Tulikuwa na mbao pana zilizochorwa njia ya kila waya na kupigiliwa misumari. Mwanamke mmoja alikata nyaya kwa vipimo, wengine walizipanga kwenye misumari kwa rangi zake, na wafungaji walizungusha uzi wa pamba kutoka shina hadi ncha ya kila tawi. Wanawake walikuwa wanane, kila mmoja na namba yake. Namba nne alikuwa shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea Nyabiyonza tangu nikiwa darasa la pili, mama yangu alipofariki. Alikuwa na kibanja cha ndizi na kahawa, akakilima kwa mikono yake mpaka mnyauko ulipoingia. Wanaolima migomba wanaujua ugonjwa huo: majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na dawa yake ni panga. Aliambiwa akate yote na kuiacha ardhi ipumzike. Alikata mwenyewe kwa siku mbili, akakataa msaada wa mtu yeyote. Nilipofika nilimkuta amekaa mlangoni anaangalia nje, mahali ambapo zamani hukuweza kuona barabara kwa sababu ya migomba.

"Twende Rubwera," nikamwambia. "Kuna kazi."

"Kazi ya nyaya? Mimi na umeme wapi na wapi?"

"Ni kusuka tu, shangazi. Umeme niachie mimi."

Akaja. Tukaishi pamoja kwenye vyumba viwili nilivyopanga, na baada ya wiki mbili tu alikuwa mfungaji bora kuliko wote. Mzunguko wake wa uzi ulikuwa umebana sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Akikuta kosa mizunguko ishirini nyuma, alifumua yote ishirini bila kununa. Wenzake walimtania kwamba anafunga tita kama anamfunga mtoto mgongoni. Yeye alicheka na kuendelea.

Shangazi anatumia mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo uzi wake ulilala upande tofauti na wa wafungaji wengine, na mwisho wake aliurudisha chini ya mizunguko mitatu, kisha akauvuta kushoto. Huko kwetu kila mama msusi anaujua mkono wa mwenzake. Mkeka wa shangazi ungetupwa njiani Nyabiyonza, ungerudishwa kwake kabla ya jua kuzama. Mimi natumia mkono wa kulia. Lakini nilipokuwa mtoto alinifundisha kusuka nikiwa nimekaa ubavuni kwake, mkeka mmoja, na nikaiga kila kitu kama kilivyo, hata upande wa kuvuta. Ndiyo maana nafunga uzi kama mtu wa mkono wa kushoto. Katika karakana ile watu wenye mkono huo tulikuwa wawili tu.

Kampuni ilikuwa na sharti kwamba aliyefunga tita asilikague yeye. Kila tita lilikuwa na kadi yake yenye tarehe, namba ya mfungaji na sahihi ya mkaguzi, na nakala ya kadi ilibaki karakana. Bosi alilisoma sharti hilo kila Jumatatu asubuhi baada ya maombi, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili.

Sasa siku yenyewe. Jirani wa karakana, mzee mmoja aliyekuwa akitugawia maji wakati bomba letu limekauka, alifariki na akawa anazikwa siku ile. Kwetu siku ya maziko hakuna anayeshika jembe kijijini, na anayeonekana shambani hasahauliki. Akina mama wote walikwenda tangu asubuhi kupika na kukaa na wafiwa. Shangazi ndiye aliyetangulia mbele, sufuria kichwani. Mimi nilikusudia kuwafuata. Lakini bosi, aliyekuwa Bukoba, akapiga simu: mzigo lazima upande basi la mchana, asiyetaka kazi aseme.

Lilikuwa limebaki tita moja ambalo halijafungwa. Nikavua viatu, nikakaa. Nilipolipanga vizuri kwenye misumari nikaona waya wa bluu wenye mstari mweupe, ule wa taa kubwa, umekatwa mfupi. Ulipungua kiasi cha mkono, toka kiwiko hadi kiganja. Nikatafuta bunda jingine la rangi ile. Lilikuwa limekwisha, na jipya lilikwama bandarini. Nikaunganisha kipande. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo sikuweza hata kulehemu. Nikafanya nilivyokuwa nikifanya Kayanga gari la mtu likiwa limezimika: nikamenya ncha mbili, nikazisokota pamoja, nikazungushia utepe mweusi. Kwenye lori la ndizi kiungo kama kile kinadumu mpaka lori lenyewe life. Nikakifunika na uzi wa pamba, nikafunga mwisho kwa mizunguko mitatu, nikavuta kushoto.

Nikapima kwa betri na balbu. Balbu iliwaka. Balbu yetu ile ndogo ingewaka hata kwa uzi mmoja wa shaba.

Kisha kadi. Mkaguzi, nikatia sahihi. Mfungaji, nikasimama hapo na kalamu. Nikiandika jina langu mara mbili, mzigo hauondoki. Nikaandika nne. Sikufikiri sana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kila nikikumbuka. Namba tano na namba saba zilikuwepo pia, ila kwa hizo uzi uliovutwa kushoto ungenisuta. Nne peke yake ndiyo ingenificha. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni alirudi amechoka, kanga yake inanuka moshi wa msibani, nikamkorogea uji na tukazungumza habari za marehemu. Sikumwambia.

Picha ilikuja wakati wa kuvuna kahawa. Mzee mmoja huko Ulaya alikuwa anaendesha gari lake, akawasha taa kubwa, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Yeye alipona, gari likaungua sehemu ya ndani. Fundi wake alilichana tita kwa kisu na kukuta kiungo. Bosi aliyakuza maandishi ya kampuni kwenye simu yake moja, picha kwenye nyingine, akawaita akina mama wote mbele ya mbao. Alianza na shikamoo, kwa sababu shangazi ni mkubwa kwake kwa umri, halafu akaendelea bila kungoja marahaba.

"Mama, namba nne ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi niambie hiki ni nini."

Shangazi aliichukua simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaangalia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bosi na koti langu jeupe. Niliona macho yake yanapita kwenye uzi, yanafika kwenye mwisho, yanarudi kwenye zile ncha mbili za shaba zilizosokotwa. Shangazi hajui kusokota waya. Hajawahi kumenya waya maishani mwake. Aliinua macho akaniangalia, si kwa muda mrefu, akarudisha simu.

Yule mama mkataji nyaya, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na ambaye siku zote aliongea kwa tahadhari mbele ya wakubwa, aliangalia kadi juu ya meza.

"Lakini bosi," akasema, "tarehe hii si ndiyo siku tuliyokwenda kumzika jirani? Siku hiyo bibi..."

"Nilirudi mapema," shangazi akasema.

Ilikuwa nafasi yangu. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu au manne, na nilikuwa nayo mdomoni, ila nilifikiri kazi, nikafikiri koti, nikafikiri wale wateja wa Kayanga wanaochungulia nyuma yangu. Bosi akanigeukia.

"Fundi, wewe ulikagua. Hukukiona?"

"Kilikuwa ndani," nikasema, "kimefunikwa na uzi. Na balbu iliwaka."

Hakuna hata neno moja la uongo katika hayo niliyosema. Nimeyarudia mara nyingi kichwani na kila mara nayatemea mate.

Bosi akamwambia shangazi kazi yake imeishia hapo. Shangazi alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ubao. Akawaaga wenzake mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Nami alinishika mkono, kwa namna ile ile aliyowashika wengine. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Shangazi," nikaanza.

"Nauli ninayo, mwanangu. Usihangaike."

Kesho yake asubuhi akaondoka kurudi Nyabiyonza, kwenye kibanja ambacho hakikuwa na mgomba hata mmoja. Nikasema moyoni nitamtumia chochote kila mwezi, na nilituma, na alipokea, na hakuwahi kupiga simu kusema imefika.

Habari zilimtangulia. Wenyeji walisimulia kwamba bibi yule amechoma gari la mzungu. Wengine wakaongeza kwamba mzungu alifia ndani. Binamu yangu aliniambia kuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa, wanaosuka mikeka kwa ajili ya harusi na wageni, walianza kuigeuza mikeka ya shangazi na kuichunguza upande wa chini kabla ya kuipokea. Miaka yote walikuwa wakiipokea kwa macho yaliyofumbwa. Niliposikia hivyo sikulala vizuri siku kadhaa, halafu nikalala. Mtu huzoea.

Mimi nilibaki mkaguzi kwa zaidi ya mwaka. Nilikuwa mkali sasa. Nilimfumulisha mtu kazi ya asubuhi nzima kwa mzunguko mmoja uliolegea. Niliwasomea sharti mimi mwenyewe bosi asipokuwepo. Walinisikiliza wakiwa wameinamisha macho, nami nilidhani ni heshima.

Halafu ule mkataba ukaisha kwa barua moja ya kwenye simu. Kampuni ilikuwa imepata nchi nyingine yenye mikono rahisi zaidi. Walitushukuru kwa ubora wetu. Bosi aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaangalia saa, akasema yeye ana safari Bukoba. Hatukumwona tena. Kazi niliyoilinda kwa kumtoa shangazi ilikuwa ya watu ambao hawakujua hata Rubwera iko upande gani wa ramani, na waliitupa kama ganda la ndizi.

Siku ya kufungua mbao nilibaki na yule mama mkataji. Yeye aling'oa misumari, mimi nilikusanya mabaki ya nyaya. Alikuwa anajiandaa kurudi Bugomora kulima na mume wake. Nilimsaidia kubeba mbao mpaka nje, tukakaa kwenye kizingiti, na labda kwa sababu alikuwa anaondoka nikaona niseme.

"Lile tita lililoungua," nikamwambia, "nililifunga mimi."

Hakushtuka. Aliendelea kunyoosha msumari uliopinda kwa kuugonga na jiwe.

"Tunajua, fundi."

"Nani anajua?"

"Sote. Bibi tulikuwa naye pale msibani toka asubuhi mpaka vyombo vikaoshwa. Mimi na yeye ndio tulioosha masufuria." Akaangalia msumari kama umenyooka. "Siku ile anaondoka, tulipomsindikiza nje, alituambia tusiseme. Alisema utasema mwenyewe, tukupe muda. Basi tukakaa. Kila Jumatatu baada ya maombi, ukisimama na ile karatasi ya masharti, tulikuwa tunafikiri leo ndiyo leo."

Kila Jumatatu. Nilipiga hesabu ya Jumatatu zile nikaacha. Wanawake saba walikuwa wameinamisha macho mbele yangu zaidi ya mwaka kwa sababu waliona aibu kwa niaba yangu. Nilitaka kumkasirikia yule mama, na nusura nimwambie kwamba walinifanya mjinga, lakini hakukuwa na aliyenifanya mjinga isipokuwa mimi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Nyabiyonza. Shangazi alikuwa ameanza kupanda migomba mipya, ile midogo yenye majani matatu, na alikuwa ameiwekea nyasi chini kila mmoja. Alikuwa amezeeka. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani, akaanza kumenya ndizi za kupika. Nilimwambia yote nikiwa nimeketi, toka waya mfupi mpaka namba nne. Nilipomaliza alikuwa amemenya ndizi zote.

"Niliposema nilirudi mapema," akasema, "nilikuwa nakungoja wewe. Nilijua utasema hapana, shangazi anadanganya. Nikangoja. Bosi akakuuliza, nikasema moyoni, sasa anavuta pumzi, sasa anasema. Ukasema balbu iliwaka."

"Nisamehe, shangazi."

"Nilishakusamehe. Mtu atafanyaje na mtoto aliyemlea?" Akaziosha ndizi, akaziweka jikoni. "Sijadanganya mbele ya watu tangu nilipobatizwa, isipokuwa siku ile. Nilidhani ni uongo wa dakika moja tu, kwamba utaufuta."

Nikamwambia nitakwenda kwenye kikundi cha kanisa niseme mbele ya akina mama wote. Akasema niende nikitaka, ila kikundi kimeshapata msusi mwingine na yeye macho yameanza kumsumbua. Nilikwenda Jumapili iliyofuata na nikasema. Walisikiliza kwa adabu, mwenyekiti akanishukuru, wakaendelea na ajenda.

Lakini siku ile ya kwanza, nyumbani kwa shangazi, tulikula. Ndizi na maharage, nikamaliza sahani kwa sababu sikujua niweke wapi mikono. Nilipoinuka kuaga, nilisimama mlangoni nikimsubiri achukue kanga. Shangazi alikuwa hajawahi kuniacha nitoke kwake peke yangu. Hata goti likimuuma hunisindikiza mpaka barabarani, anasimama pale mpaka pikipiki iniondoe. Alikuwa anakusanya vyombo. Akaniambia nenda salama, mwanangu, salimia huko, na akabaki pale pale alipokuwa amekaa.